Gari la Mzee Kiprono, Siku Njia Zilipofungwa

Siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na kila uchaguzi ukikaribia inanirudia. Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2008, ile wiki matokeo ya kura ya 2007 yalipotangazwa na Eldoret ikashika moto. Mimi na Njoroge, pamoja na mkewe na mtoto wao, tulikuwa tumejifungia ndani ya gereji yetu pale Kimumu, pembeni mwa mji, tunasikia mayowe kwa mbali na kunusa moshi. Katikati yetu lilisimama gari la Mzee Kiprono.

Ngoja kwanza nikwambie Njoroge alikuwa nani kwangu. Mimi nilitoka upande wa ziwa nikiwa kijana, yeye akatoka Nyahururu, tukakutana hapa mjini tukifunzwa kazi na fundi mmoja. Mimi nikashika injini, yeye akashika giaboksi. Tulipofungua gereji yetu wenyewe ikawa hivyo hivyo. Gari ikiletwa, tulibishana kwanza: mimi nasema ni kabureta, yeye anasema ni gia, na aliyekosea anatafuta chai.

Njoroge alipenda sana habari za magari ya zamani. Alinieleza jinsi dereva wa kale alivyolazimika kupatanisha mwendo wa injini na wa magurudumu kwa kusikiliza tu, na akikosea, meno ya gia yanalia mtaa mzima. Baadaye wakabuni gia zinazolingana mwendo kabla ya kushikana. Mwisho, watengenezaji wa magari ya kifahari kule Amerika na Ujerumani wakaleta giaboksi inayojibadilisha yenyewe kwa nguvu ya oili, tajiri akapumzisha mguu wake wa kushoto, ule wa kukanyagia klachi. Akifika hapo kwa mguu wa tajiri, Njoroge alikuwa anacheka mpaka chai inamwagika. Kile kicheko, mwanangu, hata leo nakitafuta.

Gari la Mzee Kiprono lilikuwa la aina hiyo. La Kijerumani, jeusi, refu, silinda sita kwa mstari mmoja, otomatiki. Mzee alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akiuza shamba karibu na Chepsaita, na upande ule wote lilibeba maharusi na wagonjwa kwa miaka mingi. Lilipochoka akatuletea tulifufue. Giaboksi ndiyo kwanza tumeirudisha, hata barabarani hatujalijaribu.

Basi asubuhi ile mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee Kiprono mwenyewe, na fimbo yake. Alikuwa amelala kwa binti yake jirani hapo. Akaingia, akamwona Wanjiru, mke wa Njoroge, amejikunja nyuma ya magurudumu na msichana wao mdogo kifuani. Nyumba yao ilikuwa imeshachomwa kwa sababu ya kabila lao. 

"Gari inatembea?" Mzee akauliza.

"Injini inawaka, Mzee," nikajibu, "lakini betri imekufa. Ikizima njiani haiwaki tena."

"Na hii ni otomatiki, hata ukisukuma haiwaki," Njoroge akaongeza.

Mzee akafungua mlango wa mbele, akaketi. "Basi isizime. Ochieng', wewe endesha. Hawa walale nyuma. Tunaenda polisi."

Tuliliwasha kwa betri ya gari lingine, tukawafunika blanketi, tukatoka. Na unajua nilisikia nini kutoka chini ya blanketi? Njoroge, mtu aliyekuwa anawindwa, ananong'ona: "Usikanyage sana, Ochieng'. Wacha ibadilishe yenyewe." Alikuwa bado anasikiliza gia zake.

Kabla ya kufika mjini tukakuta mawe na matairi yanawaka. Vijana walikuwa wengi, wengine na pinde, wengine na panga. Mmoja mrefu akaja upande wangu.

"Zima gari!"

Sikuzima.

"Nimesema zima! Nyuma mmebeba nani?"

Mzee Kiprono akateremsha kioo upande wake. Akamtazama yule kijana bila haraka, akamwita kwa jina la baba yake.

"Wewe ni mtoto wa Kibet. Mama yako alipokuwa na uchungu wako, na mvua imeharibu barabara, nani alimpeleka Plateau hospitali?"

Kijana akalitazama lile gari jeusi.

"Nauliza. Alienda na nini?"

"Na gari yako, Mzee."

"Na gari hii. Ulizaliwa kwa sababu hakuna mtu aliifungia njia. Hawa walio nyuma ni wageni wangu. Ukitaka kuwatoa, anza na mimi."

Mwanangu, pale injini tu ndiyo ilikuwa inanguruma. Nilimwomba Mungu ile ngurumo isikatike. Nyuma, mtoto akakohoa. Kila mtu alisikia. Yule kijana aliangalia blanketi, akamwangalia Mzee, kisha akainama akaanza kusogeza mawe kwa mikono yake. Wenzake walimfokea, lakini hakusimama mpaka nafasi ikatosha.

Tulifika kituo cha polisi. Nilipolizima gari uani, kweli halikuwaka tena siku hiyo. Njoroge alishuka, akaliwekea mkono juu ya boneti, akalia. Baada ya maisha ya hema pale uwanja wa maonyesho, kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, lori likawapeleka kwao Nyahururu.

Nilimfuata huko baadaye. Analima kabichi. Nikamsihi arudi, nikamwambia nusu ya gereji ni yake na hakuna aliyeigusa. Akanijibu taratibu, "Eldoret naipenda, Ochieng'. Lakini siwezi kulala huko."

Alirudi mara moja tu, tulipomzika Mzee Kiprono kule Chepsaita. Familia ilimpa ufunguo, akaliendesha lile gari jeusi nyuma ya jeneza, polepole, na watu wakampisha. Yule mtoto wa Kibet, mtu mzima sasa, alikuja kumsalimia, wakashikana mikono muda mrefu. Kabla jua halijashuka, Njoroge alikuwa ameshapanda gari la kurudi.

Siku hizi magari yanapimwa na kompyuta, na vijana wangu ni hodari. Lakini giaboksi ikinishinda nampigia Njoroge, naweka simu karibu na injini, anasikiliza. Akishaniambia ugonjwa, hakuna anayetaka kukata simu kwanza.

Kwa hivyo, mwanangu, nisikilize. Watakuja watu na magari makubwa kukwambia jirani yako ni adui, na wakishapata kura wataenda zao. Usikubali kuwekewa jiwe mkononi. Ukikuta njia imefungwa, uwe wewe wa kuifungua, hata wenzako wakikufokea. Na rafiki uliye naye leo, kaa naye, bishana naye, kunywa naye chai, kwa sababu nyumba iliyochomwa tunaweza kuijenga, lakini mtu akishaogopa kulala kwako, hata ukimpenda vipi, unabaki kumsikia kwa simu tu.

Mungu akupe majirani wema, na wewe akufanye jirani mwema. Ulale kwa amani popote utakapojenga, na anayelala karibu nawe alale vivyo hivyo.