Bushira na Diski Iliyoitwa Baluku

Bushira ana kiburi, na Bwera nzima, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, inajua. Ndiye anayetunza kompyuta za Hajji Umaru, mwenye malori yanayopeleka mizigo Kongo, na huziamrisha kwa sauti ya kambini hata madereva wakamtania kwa kumwita Afande. Jina hilo analipenda. Baba yake, fundi wa magari Kasese mjini, alimfundisha kwamba fundi asiyejisifu hana wateja.

Seva ya ofisi, ile kompyuta kubwa inayohifadhi hati zote za mizigo, Hajji aliinunua Kampala kutoka kampuni iliyofungwa. Diski yake ilikuwa bado inaitwa kwa jina la kampuni hiyo, na Hajji alipoliona kwenye kioo cha kompyuta alikasirika. "Ng'ombe yangu niite jina ya mtu mwingine?" Mama yake Bushira ni Mkonzo, na kwao mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Basi diski ya kwanza akaiita Baluku, kifungua mimba. Ile mpya waliyoongeza akaiita Bwambale, wa pili. Hajji alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Seva ikaendelea na kazi kama kawaida, na Bushira akatembea mjini kifua mbele.

Wiki kadhaa baadaye umeme ukakatika, na uliporudi seva ikagoma kuamka. Kioo kilikuwa cheusi, kina mstari mmoja tu: diski inayotafutwa haipo. Na jina lililotafutwa lilikuwa lile la kampuni ya Kampala.

Papo hapo Bushira akaelewa. Alibadilisha jina la diski, lakini mafaili yanayoiamsha seva hakuyaambia. Mashine iliyokwisha kuamka haiulizi majina. Huuliza siku inapoamka upya, na siku yenyewe ndiyo hii.

Wivine, mfanyabiashara wa Beni, Kongo, akaingia mbio. Lori lenye vifaranga vyake, vilivyoanguliwa jana, lilikuwa uani juani, na bila hati zilizo ndani ya seva lisingevuka mpaka wa Mpondwe.

"Yaya Bushira, batoto ba kuku beko banakufa na joto mu kamiyo!" akalia akionyesha lori. "Yaya" kwao ni ndugu mkubwa.

Hajji naye alikuwa amesimama mlangoni. "Nani ameharibu?"

Angeweza kuusingizia umeme, nani angejua? Lakini mficha uchi hazai. "Ni mimi, Hajji. Ile jina nilibadilisha, nikasahau kuambia zile faili zenye inaamsha mashini."

"Basi rudisha jina ya zamani! Mbio!"

Neno hilo lilimchoma. Lakini lilikuwa sahihi: kurekebisha mafaili yote kungechukua muda, na ukikosea pahali pamoja unaanza upya. Vifaranga havingoji heshima ya mtu. Akachomeka flashi yake, akaiwasha seva kupitia hiyo, na kwa mkono wake mwenyewe akamvua Baluku jina. Seva ikaamka. Hati zikachapishwa, na Wivine akakimbia nazo bila hata kuaga. Lori likavuka mpaka, vifaranga bado vikilia.

"Sasa wacha hivyo," Hajji akasema. "Jina ya watu haina shida."

"Iko na shida, Hajji. Makosa ilikuwa yangu, haikuwa ya jina."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akarudisha jina la Baluku. Safari hii akayaingia mafaili moja moja: orodha ya diski, maelekezo ya kuwashia, na ule mfumo mdogo unaotangulia kuamka ili uiamshe seva nzima. Kila alipokuta jina la Kampala, akalifuta, akaandika Baluku. Kisha akaiamuru seva izime, na ilipozima akachomoa waya wa umeme mbele ya Hajji na madereva waliokuja kuchungulia. Akaurudisha. Bushira alisimama mikono kiunoni, na hofu yake usoni usingeiona.

Mistari ikapita kiooni, ikapita, jina la Baluku likatokea, na seva ikafunguka. Madereva wakashangilia. Bushira aliona fahari kubwa kuliko ile ya siku alipoipa diski jina, maana ile ilikuwa ya maneno matupu, na hii ameitolea jasho.

Hajji akavuta kiti, akaketi mbele ya kioo kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Afande," akasema, "zima tena, nione."