Kile Ambacho Kila Mtu Bukavu Anakijua

Kazi yangu ni kuieleza mashine mambo. Nikisema hivyo hapa Bukavu, watu hunitazama kama mtu anayelipwa kuongea na redio. Ukweli ni kwamba kampuni yetu ndogo ya kukodisha magari ina wakala wa akili bandia, yaani programu inayosoma ujumbe wa mteja kisha inachagua zana ya kutumia. Zana moja inatafuta gari, nyingine inapanga safari, nyingine inamwita dereva. Programu yenyewe haina macho, wala haina shangazi wa kumuuliza. Inajua tu yale niliyoiandikia: zana hii inafanya nini, itumike lini, isitumike lini.

Maelezo ya zana ya kupanga safari yalinipendeza mno. Pale ofisini tuko wanne, wote wazaliwa wa hapa, na wote tuliyasoma. Mvua ilikuwamo, barabara mbovu zilikuwamo, hata mizigo ya mbuzi. Hakuna aliyeona kasoro.

Basi ikafika siku ya kupeleka dote, yaani mahari, ya kaka yangu kwa wazazi wa mchumba wake kule Nyangezi. Wazee wa msichana walikuwa wameshatungoja mara mbili bure, mara ya kwanza kwa msiba, ya pili kwa ajili ya barabara. Safari hii walituma neno: Jumamosi, adhuhuri ikipita, tunafunga mlango, na mchumba mwingine yuko. Kaka alikonda kwa wasiwasi. Mimi nikapiga kifua, nikasema usafiri niachieni. Wakala akatupangia basi dogo la kututoa kwetu Bagira, sisi na mbuzi wa dote, Jumamosi hiyo asubuhi.

Hatukufika mbali. Barabara ilikuwa imejaa majembe, mifagio na matope ya mitaro. Salongo! Jumamosi asubuhi mji mzima hufanya usafi, maduka hufungwa na magari hayapiti, na hilo hata mtoto wa kunyonya analijua. Ndiyo maana sikuliandika, na ndiyo maana wenzangu hawakuona kwamba halipo. Nyumbani nako kila mmoja alidhani nimekwisha kuomba ruhusa ya kupita.

“Kwani ile mashini yako haijue salongo?” mama aliniuliza.

“Hakuna mutu aliyeiambia, maman.”

“Na weye?”

Mkuu wa mtaa ule alichungulia dirishani, akaona vitenge vipya na suti. “Muko mu dote? Félicitations! Shukeni, mutaro uko hapa.” Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa familia tangu baba atutoke, alibishana naye mpaka sauti ikamkauka kabisa. Mama hakubishana. Alipandisha kitenge, akashika ufagio, nasi tukamfuata huku tukinung'unika. Kaka alichota matope kwa hasira kama mtu anayechimba dhahabu.

Salongo ilipokwisha tukaachiwa njia, lakini tulipofika Nyangezi adhuhuri ilikuwa imepita na mlango wa ua ulikuwa umefungwa kweli. Tukabisha. Mjomba wa msichana akatoka, akaurudisha nyuma yake, akasimama mbele yake.

“Ninyi ni banani? Munatafuta nini kwetu?”

Kwa desturi huo ni mchezo. Wenyeji hujifanya hawakujui hata kama mlikunywa pamoja wiki iliyopita, na msemaji hulazimika kueleza kila kitu tangu mwanzo. Lakini siku hiyo macho ya mzee hayakuwa na mchezo, na mimi niliogopa. Baba mdogo alifungua kinywa, ukatoka upepo mtupu. Mama akanisukuma mbele.

“Sema weye. Haiko njo kazi yako, kueleza mambo?”

Nikasema kama ninavyopaswa kuiandikia mashine, bila kudhani kwamba anayenisikiliza anajua lolote.

“Papa, tunatoka Bagira. Tumekuja kuomba binti yenu mukubwa, ule anafundisha watoto ku masomo ya primaire. Hatukukuja kutembea, hatukukuja kunywa tu. Ni kwa ajili ya huyu kaka yangu, haiko kwa mwingine. Tumechelewa sababu ya salongo. Ni mimi niliisahau, haiko zarau. Mukitupatia, tutamutunza. Mukikatala, tutarudi na mbuzi zetu, lakini huyu sijue kama atakula tena.”

Mzee alimtazama kaka, akatazama suruali yake iliyoloa matope.

“Umesema yote? Hakuna kitu umeficha?”

Nikafikiri kidogo. “Anakoroma, papa. Sana.”

Nyuma ya ua mwanamke akaangua kicheko, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Wote tuliijua sauti ile, ya mchumba wa kaka. Mzee aligeuza uso upande huo, kisha akausukuma mlango ukafunguka.

“Ingieni,” alisema. “Amecheka yeye mwenyewe. Mimi nitafunga tena kwa nini?”

Kaka yangu hakutoa chozi hata siku tulipomzika baba. Pale mlangoni, mbele ya wakwe zake, alilia.