Habari Njema ya Mtu Mwingine

Mafuriko yalipoikumba Blantyre, Malawi, mdogo wangu wa kiume alikuwa ameoa huko, anashona nguo, amepanga chumba chini ya mlima. Simu yake ikawa haipatikani, ya mkewe vilevile. Nilitaka kwenda kumtafuta, lakini mama yetu nilikuwa nimemleta kwangu Mtoni kutoka Kyela baada ya kuvunjika nyonga. Hakuweza hata kujigeuza kitandani, na hapakuwa na mwingine wa kumuuguza.

"Kapatikana?" aliniuliza kila asubuhi.

"Bado, mama."

Mfanyabiashara mmoja Mhindi, mzee wa jumuiya ya Kishia, alifungua ghala lake Kiwalani watu wapeleke misaada ya Malawi. Nikitoka kufundisha, jirani alikaa na mama saa chache, mie nikaenda kupanga nguo na mablanketi. Siku mzee aliponisikia nikiongea Kichewa na dereva wa lori la Malawi, lugha niliyoiokota utotoni kule Kyela mpakani, akaniita.

"Mwalimu, achana na nguo. Wewe kaa na simu."

Kazi yangu ikawa kuwapigia wasimamizi wa kambi, waseme wanahitaji nini: sufuria, sabuni, dawa ya maji. Kabla ya kukata simu niliwaeleza mdogo wangu alivyo. Mtanzania, mrefu, fundi, ana kovu kidevuni. Malori yakajaa, yakaondoka kuelekea kule kule nilikotamani kwenda, nami nikarudi nyumbani kumwogesha mama.

Mchana mmoja msimamizi wa kambi iliyokuwa shuleni akasema, "Dada, hapa kuna Mtanzania. Fundi. Subiri nimwite."

Nilisikia watoto wakipiga kelele, kisha pumzi za mtu aliyekuja mbio.

"Halo?"

Haikuwa sauti ya mdogo wangu.

"Mie fundi uashi, dada, kwetu Tabata," alisema, akaanza kulia. "Simu imeenda na maji. Namba ninayoikumbuka ni ya mke wangu tu. Mwambie niko hai."

Mkewe hakupokea mpaka nilipofika nyumbani. Nikamwambia pale pale koridoni, "Yuko hai! Nimeongea naye mwenyewe, mzima kabisa!" Mwanamke yule akapiga kelele hadi nikaondoa simu sikioni.

Ndipo nikasikia makofi chumbani kwa mama. "Asante Yesu! Mwanangu! Asante Yesu!"

Nilipoingia, mama alikuwa ameinuka kwa viwiko, jasho linamtoka, anacheka.

"Nipe niongee naye."

"Mama, si yeye."

"Si yeye nani?"

"Ni mume wa mtu. Wa Tabata."

Viwiko vikamshinda, nikamlaza.

"Mkewe kafurahi?" aliuliza.

"Sana."

"Haya." Akafumba macho. "Nigeuze ukutani."

Nikamgeuza.

Wiki chache baadaye wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alipatikana kambi nyingine, akanipigia kwa simu ya kuazima. Walikuwa wameshikana mikono wakikimbia, akasema, tope likashuka mlimani likawaachanisha. Mdogo wangu hajaonekana hadi leo.

"Mtakuja?" aliuliza.

"Mama hawezi kusafiri, na mie siwezi kumwacha."

"Hata mie sina pa kwenda."

Tukabaki tunasikilizana tunavyolia, mpaka salio lilipoisha.

Tulipokata tamaa, msiba tuliuweka sebuleni Mtoni bila mwili. Mchungaji alikuja, majirani wakapika, mama akaimba akiwa amelala. Watu walipotawanyika nikarudi ghalani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, nenda nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani ndiko nilikotoka," nilimjibu.

Alinisogezea kiti, nikapiga simu kambi ya kwanza kwenye orodha.