Chaja ya gari la mkwe wangu haikuungua

Leo fundi kaniambia nikae kivulini, mambo ya umeme si ya bibi.

Nimekaa kidogo tu.

Mkwe wangu Neema alikuwa anawahi zamu hospitali, Mvumi, na gari lake la umeme halijachaji. Chaja ya ukutani haina hata taa. Fundi kaja kutoka Kizota, shikamoo hakunipa, kabonyeza kitufe cha chaja mara mbili, kasema imeungua, anaing'oa aende nayo.

Nikamwambia, "Iache hapo hapo."

Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye kisanduku cha swichi. Ya chaja ilikuwa chini. Nikaipandisha, taa ya kijani ikawaka.

Neema akanitazama. "Mama, nani aliizima?"

Mimi. Jana radi zilipopiga hapa Miyuji nilifunika kioo kwa kanga, nikazima na hiyo swichi, nikasahau. Nimelelewa hivyo.

Fundi akacheka.

"Mimi nilisahau," nikamwambia. "Wewe uliyesoma hukutazama."

Gari likachaji nusu saa, Neema akaondoka. Kafika wodini.

Chekeni tu, ila semeni kweli: radi ikipiga kwenu, mnazima au hamzimi?

Mawingu yanarudi. Kanga ninayo mkononi, na swichi naijua ilipo.