Kopo la Vidonge Vilivyobaki

Nyumbani kwetu Bwera, aliyemaliza dawa yote alionekana mlafi. Maumivu yakipungua unaacha, na vidonge vinavyobaki unavitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, ili mwenzako akiugua asihangaike. Mlinzi wa kopo hilo nilikuwa mimi, na nilijivuna nalo. Akiba haiozi, niliwaambia.

Mdogo wangu, akiwa na mimba ya miezi sita, mkojo ukaanza kumchoma. Sikusita. Nikampa vidonge vitatu vyekundu na vyeusi, maana mimi dawa nilizijua kwa rangi tu, kama muuza vitenge. Akapata nafuu siku mbili, ugonjwa ukarudi. Nikampa vya njano. Wiki iliyofuata alikuwa akitetemeka kwa homa, ameshika kiuno, analia kwamba mtoto hachezi.

Hospitalini walimchoma sindano, mkojo wakaupeleka maabara Kasese. Siku ya tatu homa ilikuwa palepale na majibu hayajafika. Uvumilivu ukanishinda, nikaenda Kasese mwenyewe. Mtaalamu wa maabara, kijana mpole ambaye upole wake ulinichukiza, akanionyesha kisahani. Vijidudu vilikuwa vimeota humo kama ukungu juu ya uji uliolala, na juu yake vikaratasi vya duara, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayoweza kuviua huacha nafasi safi pembeni yake. Niliona nafasi moja tu.

"Zingine zote hii dudu inakula kama bundu, ile ugali ya muhogo," akasema. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza maharagwe."

"Mbegu ya kupanda unachagua gani?"

"Ile yenye nguvu."

"Basi. Ukiacha dawa katikati, dudu zembe inakufa. Ile ya nguvu unaiachia, inakuwa mbegu."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikajikuta nakitazama tena kile kisahani. Miaka yote hiyo, mjinga mimi, nilikuwa natunza mbegu ya ugonjwa!

Ile dawa moja ndiyo iliyomtuliza. Mtoto akacheza tena. Mdogo wangu alipewa vidonge vya siku saba akamalizie nyumbani, nami nikamwapisha mbele ya muuguzi kwamba atavimaliza. Kisha nikamwaga kila kilichokuwa kwenye kopo, nikaliosha, nikalianika juani.

Siku ya tano nilikuta kopo limerudi juu ya kabati. Ndani mlikuwa na vidonge vinne.

"Nilikuachia, dada," mdogo wangu akasema, uso umejaa upendo. "Mimi sasa niko muzima. Ni wewe unaumwaka mukojo kila mara."

Nilifoka mpaka jirani akachungulia. Nilimwita mpumbavu, nikamuuliza nani alimtia akili hiyo kichwani. Akanitazama kwa mshangao.

"Akiba haiozi. Si ni wewe ulitufundishaka?"

Nikachota maji kikombe kimoja, nikasimama pale mpaka akameza.