Wendell Aho na Sheria Yake

Wendell Aho, mstaafu wa bandari ya Duluth, ni mbishi kupindukia, na nasema hivyo nikiwa rafiki yake. Yeye ndiye aliyeanzisha Tamarack, mfumo endeshi wa kompyuta ambao sisi wakaidi wachache tunautengeneza bure kwa ajili ya wakaidi wenzetu. Mifumo ya makampuni yeye huiita gereza. Ndiye pia aliyetuwekea sheria: anayepinga jambo aandike mwenyewe programu ya kulirekebisha, asiyeweza, anyamaze. Iliwafunga midomo walalamishi wengi, nasi tulikuwa tukicheka.

Majira ya kuchipua tulikutana jikoni kwake kupanga malengo ya toleo jipya. Mkewe Lempi, aliyekwisha kupofuka, alitumiminia kahawa kwa kupapasa. Lengo la kwanza lilikuwa kubadili kabisa namna mfumo unavyochora skrini, maana kompyuta mpya zilikuwa zinatukataa. Bila hivyo Tamarack ingekufa. Lakini programu inayomsomea Lempi skrini kwa sauti ilitegemea uchoraji ule wa zamani, na aliyeiandika alishafariki. Wendell alihangaika nayo majira yote ya baridi ili iende na uchoraji mpya, akashindwa.

"Mimi napinga," Lempi alisema, birika mkononi.

Tukainamisha macho. Darcy, msimamizi wa toleo, akamwambia kwa upole kwamba sheria anaijua.

"Naijua. Si nalala na mwenye nayo?" Hakuna aliyecheka. "Haya Wendell, sema."

Mkuki kwa nguruwe. Wendell alikohoa, akaunga mkono lengo. Kisha akamwambia mkewe atamnunulia kompyuta nyingine, ya kampuni, inayosoma vizuri tu.

"Si ulisema ni gereza?" Lempi aliuliza. "Leo unanipeleka kwa mkono wako?"

Wendell akageukia lengo la pili. Nilimchukia dakika ile, ingawa mpaka leo sijui mimi ningefanya nini.

Toleo lilitoka vuli, likasifiwa sana, na kompyuta mpya kabisa zikawaka nalo. Nilipokwenda kumpongeza Wendell, Lempi alikuwa kwenye kompyuta ya kampuni, amevaa visikilizi masikioni. Zamani sauti ya programu ile ilijaa jikoni, na wawili hao wakibishana juu ya kila habari iliyosomwa. Nikamuuliza Wendell mkewe anasoma nini.

"Sijui," alisema. "Siku hizi haniambii."