Tusi Nililonyimwa na Bibi

Binti wa baba yangu mdogo alikuwa anatukanwa kila siku, na mimi nilimwonea wivu. Watu wa mjini wakinisikia nasema hivyo hudhani nimechanganya maneno. Sijachanganya. Bibi yetu, mama wa baba zetu, alikuwa na matusi ya kuwatosha wajukuu wote, na kila mjukuu alipata fungu lake isipokuwa mimi.

Nilitoka Nkende, pale Tarime, ambako baba alikuwa seremala. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya Waislamu, na mtoto akitamka neno chafu uani, mama yeyote aliyekuwa karibu alimzaba kofi, kisha mama yake mzazi akiambiwa alimwongeza jingine. Kwa hiyo nilifika Busawe, kijijini kwa bibi, nikiwa na mdomo uliooshwa. Mama alikuwa amejifungua kwa taabu, hakuweza kutulea wote, nami nikapelekwa kwa bibi nisome hukohuko.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wameshushwa kutoka miji yao ya milimani, wakapangwa mstari kando ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, na wote wakaambiwa sasa ni ujamaa. Bibi alikuwa ametoka upande wa Nyansurura, ambako mji wa babu ulikuwa peke yake na matusi yake yalisikiwa na ng'ombe tu. Sasa alisikiwa na kijiji kizima, wala hakupunguza sauti. Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Bibi akianza, fundi alisimamisha cherehani, akatikisa kichwa na kumwomba Mungu msamaha kwa niaba yetu sote.

Asubuhi yangu ya kwanza bibi alimwamsha binti wa baba mdogo hivi: "Amka, kichwa cha nyumbu wewe. Jua limefika matakoni na bado umelala mdomo wazi. Unataka inzi wajenge humo?"

Nilijifunika blanketi nikisubiri kipigo. Hakikuja. Mwenzangu alijinyoosha taratibu, akajibu kwamba afadhali kichwa cha nyumbu kuliko meno ya bibi yanayotafuna uji. Bibi alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanigeukia mimi, akainama kidogo, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. "Mama, umeamka salama? Maji yako ya kunawa yako hapo."

Mwanzoni nilivimba kichwa. Niliona bibi ametambua kwamba mimi ni mtoto wa watu, natoka mjini, najua adabu. Hilo neno "mama" halikunishtua, maana hata Nkende mtoto wa kike huitwa hivyo akibembelezwa. Nilikula kwenye sahani yangu, nikakalia kigoda changu, nikawaonea huruma wenzangu waliokaa chini na kuitwa majina ya wanyama.

Ilichukua muda kuona kwamba tusi la bibi halikuja mikono mitupu. "Njoo hapa, miguu ya korongo," angesema, na mwenye miguu ya korongo alipewa ukoko wa maziwa chini ya sufuria. "Kaa chini nikutazame hicho kichuguu chako cha nywele," na mwenye kichuguu aliwekewa kichwa kwenye mapaja ya bibi, akasukwa, akasimuliwa habari za ujana ambazo mtu mzima angeona aibu kuzisikia. Mengine yalikuwa matusi ya nguoni hasa, yale ya kukufanya uangalie kama kuna mtu nyuma yako. Wenzangu walikunja miguu wakacheka. Mimi nilikaa kwenye kigoda.

Niseme jambo moja ili nisimchafue bure. Kwetu sisi Wakurya, mzazi na mtoto wake hawatamkiani hata nusu ya neno la aibu. Ndiyo ensoni, heshima yenyewe, na anayeivunja watu humsema mpaka kwenye visima. Baba mdogo alipotokea njiani bibi alikata tusi katikati na kuuliza habari za ng'ombe. Lakini mjukuu ni mwenzake bibi. Mjukuu hutukanwa na hutukana, na asiyetukanwa na bibi yake watu hujiuliza kama kweli ni wa pale.

Nami nilianza kujiuliza hivyohivyo. Niliwaacha ndama wakaingia kwenye ulezi, makusudi. Bibi aliwatoa mwenyewe akihema, akaniambia, "Ndama ni ndama tu, mama. Jua limekuchosha?" Wiki hiyohiyo binti wa baba mdogo alimwaga chumvi kidogo na akapata tusi refu, lenye kona, ambalo lilianzia kwenye vidole vyake na kupanda mpaka kwa mume atakayemwoa. Nilimchukia. Nilichukia hata vile vidole.

Shangazi yangu, dada yake baba, alipokuja kusalimia, nilimfuata kwenye jiwe la kusagia ulezi. Baada ya shikamoo nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini bibi hanipendi.

"Nani kasema hakupendi?"

"Hanitukani."

Shangazi aliacha kusaga. "Atakutukanaje na wewe ni mama mkwe wake? Jina lako ni la nani?"

Nilijua jina langu ni la mama yake babu. Sikujua kwamba bibi alilichukulia hivyo. Shangazi akaeleza: yule mzee alikufa muda mfupi kabla sijazaliwa, akaja katika ndoto za watu, nikapewa jina lake, na tangu siku hiyo bibi hakuniona mtoto. Kila akinitazama alimwona mama mkwe. Nikauliza alikuwa mtu wa namna gani. Shangazi alichungulia nje kwanza. "Mkali. Mama akipika, yeye anasukuma ugali kwa kidole. Anasema, mkono wako bado ni wa kwenu. Miaka yote hiyo, na watoto ameshamzalia mwanawe."

Basi wivu wangu ukapata mtu wa pili, na huyu alikuwa kaburini. Bibi alinitazama kila siku, akaniwekea maji, akanipa kigoda, na kumbe hakuwahi kuniona hata mara moja.

Nikaamua kwamba kama mimi ni mama mkwe, nitakuwa mama mkwe. Mchana uliofuata bibi aliniletea ugali wa ulezi, unafuka, na mlenda pembeni. Nikausukuma kwa kidole. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Mkono wako bado ni wa kwenu."

Bibi aliutazama ugali, akanitazama mimi. Halafu akafumbua mdomo, na nilichokitafuta kwa miezi kikanijia chote kwa pamoja. Alinitukana pua na tumbo na njia niliyotokea kuja duniani. Cherehani ya jirani ilinyamaza. Nilitabasamu, nakumbuka vizuri, kwa sababu nilidhani nimefika.

Lakini tusi liliendelea. "Nimejifungua shambani wewe ukauliza kuni ziko wapi. Umempa mwanao nyama, mimi ukanipa mchuzi wa kunusa. Nimekuzika, nimekulilia kwa machozi ya watu wengine, na bado unarudi kusukuma ugali wangu." Macho yake yalikuwa juu yangu na hayakuwa kwangu. Tabasamu liliniisha. Hata tusi hili, kubwa kuliko yote yaliyowahi kutukanwa kwenye mstari ule wa nyumba, lilikuwa la mwanamke mwingine. Nililia, na watu wakafikiri nalia kwa sababu nimetukanwa.

Kule Nyansurura lingeishia kwa ng'ombe. Hapa, kabla ugali haujapoa, nyumba tatu za jirani zilikuwa mlangoni, na mbele yao mdogo wake marehemu babu, mzee wa fimbo mbili, aliyekaa ng'ambo ya barabara. "Umemtukana mama yetu," alimwambia bibi. Hakuuliza nimefanya nini. Bibi alikaa chini, akajifunika kichwa kwa kanga.

Mambo kama hayo hayaachwi yalale vivyo hivyo. Kesho yake asubuhi tulikusanywa uani. Bibi alipiga magoti mbele ya kigoda changu, na mimi nikapewa kibuyu cha togwa. Mzee alinielekeza: nichukue funda moja kinywani, nimnyunyizie bibi kifuani, niseme yamekwisha, mwanangu. Nitamke kama mama mkwe, ndipo nyumba ipoe.

Nilichukua funda. Bibi alikuwa amefumba macho, kifua kimeinuka kusubiri. Sikuwahi kumwona kwa karibu hivyo, maana mimi sikulazwa mapajani. Alikuwa na mikunjo mingi, na kidevuni nywele moja ndefu nyeupe ambayo bila shaka wenzangu wote waliifahamu. Nilijua nikinyunyiza togwa ile nitabaki mama mkwe wake mpaka afe.

Nikaimeza.

"Bibi," nikasema, "una ndevu kama beberu."

Fundi cherehani, aliyekuwa amealikwa kama jirani, alisema jambo kwa Kiarabu. Mzee aliinua fimbo moja. Bibi alifumbua macho, akanitazama kwa muda mrefu, kuanzia nywele mpaka miguu ile niliyokuwa naining'iniza kwa sababu kigoda kilikuwa kirefu kwangu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kwake siku nyingi bila kujulishwa.

"Nani amekufundisha kuongea na wakubwa hivyo," akasema polepole, "kichwa cha nyumbu wewe? Shuka kwenye kigoda changu."

Nilishuka upesi mpaka nikaangusha kibuyu. Lilikuwa tusi fupi, halikuwa na kona yoyote, na tena halikuwa jipya. Mwenzangu alikuwa ameamshwa nalo asubuhi ileile. Sikujali. Nilikaa chini, karibu na goti la bibi.

Binti wa baba mdogo alikunja uso. "Bibi, hilo ni langu," akasema.

Bibi, bila hata kumgeukia, akamwambia atatafutiwa jingine.